Mpaka Uliorudi

Watu wa upimaji walipomaliza kuchimbia bikoni yao ya mwisho ya mpaka, mke wangu alikuwa kwenye kiwanja cha jirani. Sikuambiwa na mtu. Nilisimama mlangoni, nikafuata kwa macho kutoka bikoni hii mpaka ile, na mstari ukapita kati ya banda la kuku na kaburi. Kuku wakabaki wangu. Kaburi likawa la jirani.

Jioni ile ile nilimwona bibi wa Hungaria amesimama penye uzio wa minyaa, ameshika kikopo cha kioo chenye mshumaa. Sisemi ni jini, wala sisemi niliota. Nasema nilimwona, kama nilivyokuwa nikimwona enzi zile nikiwa kijana, kitambaa cheusi kichwani, mgongo kwangu. Halafu giza likaingia na nikaona minyaa tu.

Mie nimesoma mpaka darasa la nne, kijijini kwetu kusini, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Sioni haya. Nyumba hii ya Chanika nimeijenga kwa mikono iliyofungua magiaboksi ya watu, na wanangu wamesoma kwa oili iliyokuwa chini ya kucha zangu. Mtaani wananiita mzee fundi. Wasichokijua wengi ni kwamba niliwahi kuishi Ulaya, na si ile Ulaya wanayoionaga kwenye televisheni. Niliishi kwenye kimji cha mwisho wa nchi, ambako barabara ilikuwa inafika na kuishia.

Nilikuwa fundi mdogo kwenye gereji ya mabasi huko Temeke. Yakaja yale mabasi marefu kutoka Hungaria, yale yenye mpira wa mikunjo katikati, na hakuna aliyejua kuyatibu. Ikatakiwa vijana waende wakafundishwe. Mie nilichaguliwa kwa sababu wenye vyeti waliogopa baridi. Tulianzia kiwandani, kwenye mji mkubwa, kisha wakatugawa kwenye gereji za mikoani tukajifunze kutengeneza basi lililoharibika kweli, si lile la darasani. Mie nikatupwa mpakani, peke yangu, nikapangishiwa chumba kwa bibi mmoja mjane. Nilimwita Neni. Kule ndivyo wanavyomwita mwanamke mtu mzima, kama sie tunavyosema bibi au mama mkubwa.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza kwenye mji ule ni stesheni. Ilikuwa kubwa kuliko mji. Ina mapaa ya chuma, saa ya ukutani kama sinia, vyumba vya kusubiria vya kila daraja. Na treni yenyewe ni kijitreni cha mabehewa mawili matatu, kinakuja, kinapumua, kinarudi kilikotoka. Reli haikuishia pale. Iliendelea mbele ikaingia kwenye majani, ukiifuata unafika kwenye kizuizi na askari.

"Hii stesheni mliijengea nani?" nilimuuliza Neni nilipopata maneno ya kutosha. Lugha yao niliiokota gerejini, kwa hiyo nilijua kutukana kabla sijajua kusalimia.

"Tuliijenga tukiwa katikati," akasema.

Akanieleza akiwa anamenya viazi. Alipokuwa msichana, mji ule ulikuwa katikati ya nchi, treni zinaingia kutoka pande zote, soko linajaa mpaka watu wanalala kwenye mikokoteni. Vita kubwa ikapiganwa, wakashindwa. Wakubwa wakakaa nchi ya mbali wakachora mstari, na mji ukajikuta pembezoni. Hakuna aliyehama. Mtu aliamka kwenye kitanda kile kile, ila shamba lake liko nchi nyingine. Mstari ulipita nyuma ya bustani za nyumba za mwisho, na makaburi ya mji yakabaki ng'ambo. Wakafungua makaburi mapya upande wao.

"Siku ya kwanza hakukuwa na mtu ndani yake," Neni akasema. "Wewe ungekubali kuwa wa kwanza? Watu waliogopa kufa mwaka ule."

Miaka ikapita, vita nyingine ikanukia, na mstari ukasukumwa mbali. Mji ukarudi katikati. Watu wakafurahi, bendi ikapigwa stesheni. Katika miaka hiyo michache mume wake akafa, naye akamzika kwenye makaburi ya zamani, walipolala baba na mama yake, chini ya mti wa jozi kwenye kona. Kwa nini asimzike huko? Palikuwa nyumbani. Kisha vita ile nayo wakashindwa.

"Mpaka ukarudi," akasema, kama mtu anavyosema mbuzi karudi zizini.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho. Ukisimama kwenye bustani yake ya kabeji ulikuwa unaona ukanda wa udongo uliolimwa na kulainishwa ili nyayo za mtu zionekane, kisha waya, kisha shamba la wenzao, kisha ule mti wa jozi. Mtoto anayejua kutupa jiwe angekaribia kuufikia. Na kwenda pale kulitaka vibali vya miji miwili mikuu, naye kila alipoomba alinyimwa.

Sitaki mtu adhani ulikuwa mji wa kulia tu. Wale watu walikuwa na utani. Majira ya baridi walichinja nguruwe, kila nyumba na siku yake, alfajiri, majirani wote wanakuja. Mgeni hupewa kushika mkia. Mie nikakataa, nikawaambia mie Mwislamu.

"Sasa huyu atakula nini?" akauliza jirani mmoja, mwanamume mwenye masharubu, ameshika kikombe cha pombe yao ya matunda inayochoma kama petroli.

"Bata bukini wangu," Neni akajibu. "Mwache. Ana Mungu wake."

"Bila mafuta ya nguruwe atakauka huyu. Tutamkuta asubuhi amevunjika vipande."

"Mbona nyie mnakunywa moto na bado mnatetemeka?" nikamwambia.

Walicheka mpaka nguruwe akataka kuwaponyoka. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa pale. Walinifundisha kutunga pilipili zao nyekundu kwenye uzi na kuzianika chini ya paa, mpaka ukuta mzima wa nyumba unakuwa mwekundu. Nilikuwaga najiona kama nimezaliwa kule, isipokuwa vidole havikuzoea baridi.

Lakini mji ule ulikuwa na watu wengi wasiokuwepo. Stoo ya gereji yetu ilikuwa kwenye nyumba ya sala ya Wayahudi. Siku ya kwanza nilipotumwa gasketi niliingia, nikainua macho, nikaona dari ya buluu yenye nyota, na maandishi ukutani nyuma ya rafu za matairi. Sikufikiri. Nilivua viatu. Mtunza stoo akacheka.

"Vaa viatu vyako, kijana. Hakuna wa kumkosea humu."

Halafu akaacha kucheka, akaanza kutafuta gasketi mahali ambapo alijua haipo.

Nilipomsimulia Neni, aliinuka akachukua bakuli kubwa la udongo alilokuwa anakandia unga kila siku. Akasema ni la jirani yake wa mkono wa kushoto, mshonaji, aliyechukuliwa kwenye treni pamoja na wa dini yake wote wa mji, na hakurudi hata mmoja. Bakuli alikuwa ameliazima juzi yake.

"Kwa nini hukuliweka kabatini?" nikamuuliza.

"Nikiliweka kabatini nitakuwa nimekubali kwamba haji kulichukua."

Mwanzo wa Novemba wana siku ya wafu wao. Mji mzima unabeba mishumaa na maua, unakwenda makaburini, na jua likizama makaburi yanawaka kama mji mwingine. Watu wote walipokwenda kwenye makaburi mapya, Neni alikwenda mwisho wa bustani yake. Mie nikamfuata kumshikia kikopo asianguke kwenye matope. Aliwasha mshumaa, akauweka juu ya nguzo ya uzio, akasimama. Ng'ambo nako walikuwa wanawasha, maana wale wa ng'ambo walikuwa watu wale wale, lugha ile ile, ila wameangukia upande mwingine wa kalamu. Taa moja moja zikajitokeza kwenye makaburi ya zamani. Pale kwenye kona, chini ya mti wa jozi, palikuwa peusi.

Kupaza sauti mpakani kulikatazwa. Askari walikuwa wakali kwa hilo. Kuimba hakukukatazwa, kwa sababu hakuna aliyefikiria. Neni akaimba, kwa sauti ya nyimbo zao za kanisani, na mie nikasikiliza maneno nikagundua si ya kanisani kabisa. Alikuwa anaimba kwamba kabeji zimekubali, kwamba meno yanamsumbua, kwamba ana mpangaji mweusi mwenye adabu asiyekunywa, na je, kuna mtu amefika kwenye kona? Kisha ng'ambo ikaimba sauti ya mwanamke, nyembamba, ya uzee, kwamba nafika, nafika, goti linaniuma. Na taa ikawaka chini ya mti wa jozi.

"Basi," akasema Neni, akarudi ndani kupika.

Hakumjua yule mwanamke kwa sura. Alisema walianza kuimbiana zamani, na hakuwahi kumuuliza jina, kwa sababu jina likiimbwa hata askari wanalisikia.

Nilimuuliza kama haikuwahi kufikiriwa mifupa ile iletwe upande huu. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akasema ofisi moja iliwahi kumwambia hivyo, aombe kuhamisha. "Yeye amezikwa nyumbani," akasema. "Niliyeachwa nje ni mimi. Sasa kwa nini ahame yeye?"

Mwaka uliofuata nilikuwepo bado. Tulikwenda tena mwisho wa bustani. Taa za ng'ambo zikawaka zote, kona ikabaki nyeusi. Neni akaimba kabeji zake, akaimba meno yake, akauliza. Akauliza tena. Askari wa upande wetu alikuja, akasimama, akaondoka bila neno. Hakuna aliyejibu. Nilimshika mkono nimrudishe ndani, na mkono wake ulikuwa na baridi ambayo haikuwa ya hewa. Hakupika usiku ule. Kabla ya masika nilirudi Dar, na sikupata kujua kama mwaka wa tatu alikuwepo wa kuuliza.

Hayo niliyafunika miaka yote. Kazi ilikuwa nyingi. Mpaka bikoni.

Kiwanja hiki nilinunua kwa mzee mmoja wa Kizaramo, wakati Chanika ni mikorosho na nyani. Alinionyesha mpaka kwa mkono: kutoka mkorosho huu mpaka kwenye kichuguu kile. Mke wangu akapanda minyaa kwenye mstari huo. Upande wa pili alinunua mtu, akaacha pori. Sasa minyaa inataka kukatwa, na utomvu wake ukikuingia jichoni utalia siku nzima, kwa hiyo mke wangu alikuwa anakata matawi na kuyarusha mbali naye, upande wa pori. Minyaa haifi kwa kurushwa. Tawi likiangukia mchanga linaota. Yale yaliyorushwa yakawa uzio mpya, huu wa zamani ukazeeka ukakauka, mke wangu akaung'oa akawashia jiko. Akakata tena, akarusha tena. Uzio wetu ulikuwa unatembea taratibu, na hakuna aliyeuona ukitembea. Kichuguu kililimwa, mkorosho ukawa mkaa. Tukabaki na minyaa tu ya kutuambia kwetu kunaishia wapi.

Alipofariki, nilisema azikwe karibu na minyaa yake, kwenye kivuli cha mwarobaini. Vijana wakachimba. Kwa hiyo mke wangu alilala kwenye kipande alichokipata yeye mwenyewe kwa panga lake, bila kukusudia, na miaka michache baadaye mpaka ukarudi.

Mwenye kiwanja akaja. Mama mmoja mwenye duka la vitenge Mtoni, mtu wa bara, Mkristo, mwenye heshima zake. Alikuja na mjumbe wetu na ramani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu kwako. Maana naona hapa nimekaa ni kwako."

"Usiseme hivyo, baba. Mimi sikuja kwa shari. Nataka kujenga, mama yangu mzazi aje akae huku, mjini kelele. Ila nimemwambia kuna kaburi la watu, amesema hakanyagi."

Mjumbe akakohoa. "Mzee wangu, ramani ndiyo hii. Ramani haina undugu."

"Na haijazika mtu vilevile," nikamwambia. "Iweke chini tuzungumze."

Yule mama akasema gharama za kuhamisha ni juu yake, sanda mpya, shehe, gari mpaka makaburi ya mtaa, kila kitu. Mwanangu mkubwa, anayefanya kazi bandarini, alikuwa amekaa pembeni yangu. Nilimwona anaitikia kwa kichwa.

"Baba, tukubali tu," akasema. "Kule ni karibu na barabara, hata sisi tukija tutakuwa tunapita. Na huyu mama angeweza kwenda kwenye baraza la ardhi, hajaenda."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mama yako amezikwa kwake," nikasema. "Aliyeachwa nje ni mie. Simhamishi."

Maneno yalitoka kabla sijajua ni ya nani. Mwanangu akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamgeukia yule mama wa Mtoni, nikamwambia kipande ni chake, sipingi, bikoni imesema kweli na nitamwonyesha hata mstari wa mkorosho ulipokuwa. Ajenge ukuta wake. Kaburi libaki ndani ya kwake. Nilichotaka ni aniachie kilango.

Akafikiri sana. "Kilango hapana, baba. Nisamehe. Mama yangu atakaa na binti wa kazi tu, na vibaka wa siku hizi unawajua. Kaburi nitaliacha. Nitamwambia mama azoee."

Nilikubali. Ningefanyaje? Mafundi walianza, na kila kozi ya matofali iliyopanda ilikula kidogo. Kwanza sikuona udongo. Kisha sikuona kibao. Mwisho nikawa naona kilele cha ua la waridi aliloliotesha binti yangu, na kesho yake sikuliona hilo.

Kitu ambacho mie nilikizoea ni hiki: Ijumaa, nikitoka msikitini, nilikuwa nafagia kaburi lile na kumweleza marehemu habari za nyumbani. Sasa fagio limesimama ukutani. Nyumba ya upande wa pili ilipokwisha na watu kuhamia, Ijumaa ya kwanza nilivuta kiti nikakaa na kuku wangu, nimeutazama ukuta. Nyuma yangu nilisikia mshumaa ukiungua, ile sauti yake ya kutafuna utambi. Sikugeuka. Nikaanza kuongea. Nikasema mjukuu amefaulu, paa la jikoni linavuja, nimeuza yule jogoo mkorofi. Nikajisikia mjinga. Nikasema pia, kwa sauti kubwa kidogo, sijui hapo pamefagiliwa, maana majani ya mwarobaini yanadondoka sana msimu huu.

Kimya. Kikawa kirefu mpaka nikauona ule mti wa jozi, na kona yake nyeusi.

Kisha upande wa pili nikasikia fagio. Taratibu, linavutwa na kupumzika, linavutwa na kupumzika, fagio la mtu asiye na nguvu.

"Nafagia," ikasema sauti ya bibi kizee, ya lafudhi ya bara. "Kiuno tu kinanisumbua. Na huyo jogoo umefanya vizuri, alikuwa haniachi nilale."

Ndiye aliyesema hakanyagi. Hatukuwa tumeonana, na mpaka leo hatujaonana. Kiuno kikimruhusu angeweza kuzunguka kwa barabara akaja kunywa kahawa, nami vilevile ningekwenda. Hakuna aliyemwita mwenzie. Kila Ijumaa nasema habari zangu, yeye anafagia, anatia neno lake. Mwanangu akija ananikuta, anasema, "Baba, nenda tu ukabishe hodi, hao si askari." Sijui nimweleze nini. Kuna vitu ukivibishia hodi vinaisha.

Kwa sauti yake ni mkubwa kuliko mie. Hilo nilijua tangu siku ya kwanza, na ndilo linaloniamsha usiku.

Ijumaa iliyopita nilikaa kwenye kiti nikasema habari. Nikasema mvua imechelewa, goti langu halitaki ngazi. Nikauliza kama pamefagiliwa. Hakukujibiwa. Nikauliza tena. Kuku wakapanda kulala. Mwadhini akaanza maghribi, nami sikuinuka, mie ambaye sijawahi kumwacha imamu akanitangulia. Nilihisi mkono wenye baridi kwenye mkono wangu, kama vile ni mie sasa ninayeshikwa nirudishwe ndani.

Ndipo likaja fagio. Lakini si lile. Hili lilikuwa jepesi, la haraka, la mtu mwenye mkono mzima, linafagia mapigo marefu bila kupumzika. Nilingoja sauti. Haikuja. Likafagia mpaka mwisho, likagongwa ukutani kutoa vumbi, nyayo zikaondoka.

Sikuuliza ni nani. Sikuuliza pia yule bibi yuko wapi. Nilisema, "Basi," nikaingiza kiti ndani.